Kabla hujaleta mnyama nyumba ya kupanga, fikiria siku ya kuhama

Kwa Mhariri,

Mie ni mpangaji, nakaa Mshomoroni hapa Mombasa, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumze jambo ambalo nikiwatajia watu huona ni dogo lakini mie linaniuma. Mwisho wa mwezi uliopita jirani yetu wa vyumba vya nyuma alihama. Lori lilikuja alfajiri likabeba kabati, magodoro, friji, hadi ndoo za kufulia zikapakiwa, alafu likaenda zake. Saa nne hivi natoka uani kuanika nguo ndo namuona mbwa wao bado yuko pale, amefungwa kwenye nguzo ya kamba ya nguo, na kwa vile alikuwa amezunguka zunguka kamba imejiviringisha kwenye nguzo mpaka imebaki fupi kama mkono wangu, karai lake la maji limepinduka, na yeye amenyoosha shingo anaramba matone ya mfereji wa tangi. Kijibwa cha miezi mitano sita hivi, mbavu zahesabika.

Nikajua watarudi. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, usiku analia mpaka watoto hawalali, na sisi kwenye ploti ile karibu wote ni Waislamu, mtu ataka kumsaidia lakini pia achelea yale mate, yataka kuosha mara saba na moja iwe na udongo, na maji yenyewe ya kununua kwa mtungi. Nikampigia simu yule mama. Akaniambia, "Dadangu, huku tuliko ni ghorofa ya nne na mwenye nyumba hataki mbwa, mtazameni tu, hakosi mtu wa kumchukua." Sikumkasirikia sana manake sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona haya. Siku ya tatu kijana mmoja wa bodaboda akajitolea kumpeleka kwao Kaloleni, huko kuna uwanja na mbuzi wa kulinda. Akamtia kwenye kreti ya soda na akaenda nae. Huyo amebahatika. Lakini mie n'shaona paka wangapi wameachwa kwenye ngazi za fleti, nyumba imefungwa na yeye amekaa mlangoni yuwangoja kufunguliwa, na wangapi wametiwa kwenye gunia wakaenda kumwagwa sokoni usiku.

Ndo maana naandika. Watu wakitaka mnyama huuliza yupi mzuri, yupi wa bei nafuu, yupi watoto watampenda. Kwa mtu anaekaa nyumba yake sawa. Lakini sisi wapangaji swali letu la kwanza ni jengine kabisa, nikihama, na lazima ntahama, huyu ntahama nae? Ukijibu hilo vizuri mengine yote yajipanga yenyewe.

Mie nimepanga miaka 16, chumba kimoja Majengo kwenye nyumba ya Kiswahili, kisha Tudor, kisha Bombolulu, na sasa Mshomoroni, kwa hivo nasema yale nimeyapitia. Kule Tudor nilifanya kosa. Nilisaini mkataba kurasa sita za Kiingereza bila kusoma, mwezi wa tatu nikaleta paka dume kisirisiri, mchana namfungia jikoni ili mwenye nyumba asimuone akija. Paka akawa akwaruza mlango wa jikoni kutwa nzima, na alipobaleghe akaanza kukojolea kabati la ukutani ile mbao ya chini. Siku ya kuhama ejenti akaja na karatasi yake, akachuchumaa pale mlangoni akapitisha kidole kwenye mikwaruzo mmoja mmoja, akafungua kabati, akafunga haraka na kuziba pua. Depoziti yangu ya shilingi 14,000 sikuiona tena. Iliniuma lakini ile harufu ilikuwa ya kweli na mkataba ulikuwa umesema wazi hakuna wanyama, ni mie sikusoma.

Tangu hapo nauliza kwanza kabla ya kulipa hata shilingi. Wala si kuuliza keateka kwenye ngazi akakwambia "haina shida mama," huyo keateka kesho akiondoka neno lake laondoka nae. Namuuliza mwenyewe, alafu namtumia ujumbe WhatsApp nimwandikie, kama tulivyozungumza, nitakuwa na paka mmoja aliyehasiwa na aliyechanjwa, na uharibifu wowote ntalipa mie, naye akijibu "sawa" nauweka ule ujumbe. Nyumba ya vyumba vya Kiswahili ndo usiseme, pale ukumbi ni mmoja, choo kimoja, uani pamoja, kwa hivo mwenye nyumba akikubali bado hujamaliza, wapitie na majirani chumba kwa chumba. Kuna mwengine ana mtoto mwenye pumu, na manyoya ya paka huweza kumletea mashambulizi, huyo ana haki kushinda hamu yako ya paka.

Sasa mbwa. Najua kuna watu wapenda mbwa na mie siwachukii, lakini kwa mpangaji wa Mombasa nasema kweli, kama huna kiwanja chenye geti lako mwenyewe, achana nae. Mbwa ni mtu wa kundi, ukimfungia bedsita ya ghorofa ya tatu ukaenda kazini kwa masaa kumi atabweka masaa kumi, na jirani aliyetoka zamu ya usiku bandarini hatalala. Alafu lile joto. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi ikivuma hata sisi twalala sakafuni, sembuse jamanshepadi na lile koti lake la manyoya ya baridi, mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, apoa kwa kuhema na kutoa ulimi, mkiwa chini ya mabati saa nane mchana aweza kufa kwa joto. Na wale wenye pua bapa wanaonunuliwa kwa bei kubwa ndo wabaya zaidi, hata kuhema kwenyewe kwawashinda.

Na jambo la chanjo sitaki mtu alipuuze. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa, ni kufa, na karibu wote wanaokipata duniani wameumwa na mbwa. Kenya imejiwekea lengo kukimaliza ifikapo 2030, lakini serikali haiwezi kuingia kila ploti, ni wewe mwenye mbwa au paka, ndio hata paka huambukizwa, umpeleke kwa daktari wa mifugo akifika miezi mitatu na urudie kila mwaka, na ile kadi yake uihifadhi pamoja na risiti zako za kodi manake mwenye nyumba wa maana atakuuliza. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na mnyama msiyemjua, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, saa mkononi, alafu hospitali siku hio hio mkaulizie sindano. Msipake pilipili wala mafuta ya taa.

Paka ndo mnyama wa mpangaji, nasema hivo bila kusita. Huku kwetu paka ni wa nyumbani tangu zamani, nenda Mji wa Kale asubuhi utawaona kwenye baraza na kwenye ngazi za misikiti, hakuna anaewafukuza, dini yenyewe imetufunza si najisi na imetuonya juu ya yule mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwache ajitafutie. Ajua kujisafisha, aenda choo pahala pamoja ukimwekea, na panya wa hizi mitaro zetu wakisikia harufu yake tu wapungua. Lakini paka wa kupanga ana masharti yake.

La kwanza ni uzazi, hapa ndo twakosea wengi. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi minne mitano tu, yeye mwenyewe bado mtoto, abeba kama miezi miwili, azaa wanne, na kabla hujamaliza kuwatafutia pa kwenda ashapandwa tena. Kwa mwaka mmoja azaa mara mbili tatu. Wale paka wanaomwagwa sokoni usiku wametoka hapo, si kwa watu makatili, ni kwa watu waliochukua kipaka kimoja kizuri wakasema tutaona mbele. Dume nae asipohasiwa atakufanyia kama alivyonifanyia mie Tudor. Paka niliye nae sasa, wa rangi ya halua na ndo jina lake Halua, nilichanga pesa miezi miwili kama mchango wa chama nikamhasi akiwa na miezi sita, na hajakojolea ukuta hata siku moja, yuko mwaka wa sita huu.

Pia si lazima uchukue mtoto. Kipaka cha wiki sita ni kizuri kutazama lakini apanda pazia, atafuna waya wa chaja, na ukimweka balkoni kunguru wetu hawa wa shingo ya kijivu wamnyakua au wamdona macho, nimeshuhudia. Paka mkubwa wa miaka miwili mitatu tabia yake ushaijua, mpole au mkali, apenda watoto au hawataki. Kama wewe watoka kazini usiku, mkubwa ndo wako.

Choo chake mie natumia karai bapa na maranda ya mbao kutoka kwa maseremala, natoa uchafu kila siku asubuhi na jioni. Si harufu peke yake, kwenye kinyesi cha paka mwaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma ambavyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hivo ukitoa kila siku wapunguza hatari, na mama mjamzito asiguse kabisa, mtu mwengine afanye. Ile ya kumwambia atupe paka sababu ana mimba si lazima, la muhimu ni hilo karai na kuosha mikono.

Na chakula, maziwa ya ng'ombe mnayowapa wengi huwaharisha wakishakuwa wakubwa, na matumbo mabichi ya samaki kila siku kutwa mara tatu hupunguza vitamini mwilini, bora vichwa vya samaki uvichemshe, utoe miba, uchanganye na wali kidogo, usitie kitunguu wala thomu manake ni sumu kwao.

Hapa niseme la Panadol kwa sababu bado lanisumbua. Jirani yangu wa Bombolulu paka wake alipata homa, yeye kwa huruma akasaga nusu ya kidonge akatia kwenye maziwa. Magharibi akaniita, paka amelala chini ya meza, uso umefura, nikamfungua mdomo ufizi umegeuka rangi ya chai ya mkandaa badala ya waridi, ahema kwa shida. Alfajiri alikuwa amekufa. Parasetamoli ni sumu kali kwa paka, mwili wake hauwezi kuisafisha, kidonge kimoja chatosha kumuua. Vilevile zile dawa za kupe za mbwa zenye permethrini usimpake paka kamwe. Na sumu ya panya kwenye ploti, ukiwa na paka zungumza na majirani, paka akila panya aliyekula sumu nae aweza kufa, mtego ni bora kwa kila mtu, hata kwa watoto wanaotambaa.

Wanyama wengine nitapita haraka. Sungura watu huwaona wapole lakini joto letu likipita digrii 30 wao wateseka sana, wapoa zaidi kwa masikio, kwa hivo ukikaa chini ya mabati msimuweke. Kasuku wa kijivu yule anaesema usimnunue barabarani, biashara ya kimataifa ya wale wa porini ilikatazwa kuanzia 2017, na mwaka 2022 KWS, shirika la wanyamapori, walitoa muda watu waliokuwa nao wajisajili, juu ya hayo aweza kuishi miaka 40 au zaidi, hebu hesabu utahama nae nyumba ngapi na zile kelele zake za saa kumi na moja alfajiri. Kobe pia, wale vijana wanaowauza njia kuu, chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013 kumweka bila kibali ni kosa, muache huko porini alikotoka.

Samaki wa urembo ndo niliowapenda nilipokuwa chumba kimoja Majengo, hawabweki, hawakwaruzi mlango, hakuna mwenye nyumba aliyewahi kukataa mtungi wa samaki. Shida ni maji. Ya visima vyetu ni ya chumvi na si kila samaki ayaweza, golidifishi wangu wa kwanza walikufa kwa wiki, lakini mole na gapi huvumilia chumvi kiasi. Ya mfereji nayo yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuwamiminia. Na stima ikipotea mashine ya hewa yazimika, kwa hivo weka wachache kwenye mtungi mkubwa, si wengi kwenye mdogo.

Sasa nina neno na wenye nyumba, nawaheshimu na najua mmejenga kwa jasho. Kibao cha "hakuna wanyama" hakiwaondoi wanyama, chawafanya wafichwe. Mie nilificha, na kwa sababu nilificha sikuweza kumpeleka hata kwa daktari mchana, na harufu ikaingia kwenye kabati lako. Ungeniandikia paka mmoja tu, awe amehasiwa, kadi ya chanjo nikuonyeshe kila mwaka, depoziti uongeze kidogo na urudishe nyumba ikiwa safi, ningekubali hapo hapo na lile kabati lingekuwa zima. Mwenye nyumba wangu wa sasa, mama mtu mzima, ndo alivyofanya. Alikuja akamtazama Halua, akaitazama kadi, akaniambia, "Mwanangu, huyu mimi simuogopi, namuogopa yule asiyeambiwa." Tangu hapo akija kuchukua kodi humletea kichwa cha samaki.

Na wale wa kaunti upande wa mifugo nawaomba siku za chanjo zikiwepo zitangazwe kwa spika mitaani Kisauni na Likoni na Changamwe kama zinavyotangazwa za polio, wengi wetu twasikia zishapita.

Nimalizie na tulivyohama kutoka Bombolulu, huenda ikamfaa mtu anaehama mwisho wa mwezi huu. Wiki moja kabla nilitoa kapu kubwa la ukindu nikaliweka karibu na anapolala, ndani nimetandika leso yangu kuukuu, akazoea kulalia humo. Siku yenyewe sikumlisha asubuhi, nilimfungia chooni na kapu lake mpaka mkokoteni ulipojazwa na milango imefungwa, alafu nikamfunika na leso nyengine, nikaifunga ncha zake kwenye vishikio, tukapanda tuktuk mie nae na mwanangu mdogo ameshika ubavu wa kapu. Alilia mpaka tunafika. Nyumba mpya nilimweka chumba kimoja na karai lake na sahani yake zile zile, sikuziosha kwa sabuni kali ili harufu ibaki, na wiki tatu sikumfungulia mlango wa nje hata alipokuwa akinitazama kwa kunisihi, manake paka ukimtoa mapema hurudi nyumba ya zamani na njiani kuna barabara. Wiki ya nne nikaacha mlango wazi kabla ya chakula cha jioni. Akatoka, akanusa kizingiti, akazunguka tangi la maji, nikagonga sahani, akarudi ndani.

Ni mie,
Mpangaji,
Mshomoroni, Mombasa